Gari ina stika ya inspeksheni lakini fundi anasema breki hazifai, na dereva ni shemeji yangu

Asalaam aleikum Ami,

Nakusoma siku nyingi lakini sijawahi kuandika, leo imenibidi manake usingizi sipati. Mimi niko hapa Malindi, nina duka langu dogo la madera na leso karibu na soko, watoto watatu, mume wangu yuko Qatar kikazi. Mwaka jana tulinunua matatu ya abiria 14, nusu ya pesa alituma yeye na nusu ni mkopo niliouchukua mimi, na logbuku, hati ya umiliki wa gari, iko jina langu kwa sababu yeye hayuko. Gari inapiga Malindi–Mombasa. Dereva ni mdogo wake mume wangu, kijana mzuri wallahi, hanywi, hana matata na mtu, na kila jioni analeta hesabu 3,500 bila kusukumwa. Tulikubaliana siku sita kwa wiki gari iende isiende hesabu iko palepale, gereji ndogo ndogo anajisimamia mwenyewe na kile kinachobaki, ikiwa kubwa ananiambia. Mkopo unalipika alhamdulillahi.

Sa shida ilianza wiki iliyopita. Fundi mmoja alinipigia simu, namba alipewa na makanga. Akaniambia mama samahani, mimi si mtu wa kuingilia mambo ya watu lakini hii gari nimeambiwa ni yako na mimi naogopa. Akasema paipu ya mpira ya breki ya mbele kushoto imepasukapasuka na inavuja, tairodi endi, kile kichwa cha chuma kinachounganisha usukani na gurudumu, upande huohuo inacheza, na tairi za nyuma zimekuwa kipara. Alimwambia shemeji gari iachwe hapo abadilishe, shemeji akamwambia amwongezee tu oili ya breki waondoke manake zamu yake steji imefika.

Mimi nikashangaa, nikamwambia fundi mbona tairi zilikuwa mpya siku ya inspeksheni, mimi mwenyewe nilitumiwa picha na haijapita hata miezi miwili? Fundi akanyamaza. Nikamuuliza makanga, akaanza kuzungukazunguka mwisho akanambia mama zile tairi zilikuwa za kukodi, ziliwekwa asubuhi zikatolewa jioni zikarudi kwa mwenyewe. Ami nilikaa chini.

Nilipomuuliza shemeji hakukasirika lakini alinijibu vile vya kunifunga mdomo. Akasema shemeji, gari ina stika, ina bima, ina spidi gavana ya kuzuia mwendo, serikali yenyewe imeipasisha, sasa wewe unaijua gari kuliko serikali? Trafiki wananisimamisha kuanzia Gede mpaka Mtwapa hakuna hata mmoja aliyewahi kusema gari hii ni mbovu. Mafundi kazi yao kutafuta kazi. Mama mkwe akasikia, sasa ni maneno nyumbani, ati namtafutia mwanawe makosa ili nimuweke kaka yangu. Mume wangu nimemweleza kwa simu, yeye akanitumia voisi akasema muache kijana afanye kazi, gari ikisimama mkopo utalipwa na nini, na mimi hapo sina jibu manake duka peke yake halitoshi.

Lakini kuna mama jirani yangu kila mwezi anaenda kliniki Mombasa, na hupanda gari yangu makusudi kwa sababu ni yangu, huachia zingine mbili tatu zijae ziondoke akasubiri hiyo. Juzi nilimwona amekaa kiti cha mbele na kijukuu chake mapajani nikageuka nikaingia dukani sikuweza hata kumpungia mkono.

Nisaidie Ami. Kama serikali imesema gari iko sawa, mimi nikiisimamisha nimekosea? Kukitokea jambo Mungu aepushe, nani anabeba, ni mimi, ni dereva ama ni waliotoa cheti? Na nitasemaje nyumbani nisivunje udugu wa mume wangu?

Mama wa Duka, Malindi

MAJIBU

Waaleikum salaam mwanangu. Nimeiruka foleni ya barua nikujibu wewe kwanza kwa sababu hii haingoji. Gari isitoke kesho. Chukua funguo leo leo, na mpigie mwenyekiti wa sacco, chama chenu cha matatu, umwambie gari yako isipewe zamu mpaka wewe mwenyewe umwambie, ukifanya hivyo hata shemejiyo akija alfajiri steji hatapangiwa. Hayo mengine tutaongea gari ikiwa imeegeshwa.

Sasa nikueleze kwa nini nimekuwa mkali hivyo, manake najua utarudi nyumbani uulizwe na lazima uwe na la kusema.

Ile paipu ya mpira ndiyo inayopeleka oili ya breki kwenye gurudumu. Dereva akikanyaga taratibu kupunguza mwendo, oili inasukumwa kidogo na paipu iliyochoka inaweza kuvumilia, ikavuja matone tu. Siku atakayokanyaga kwa nguvu zote, mtoto ameruka barabara pale Matsangoni ama lori limesimama ghafla mbele yake, ndipo msukumo unapokuwa mkubwa kabisa na ndipo paipu inapopasuka. Yaani inakataa saa ileile unapoihitaji. Gari nyingi breki zimegawanywa njia mbili ili moja ikifa nyingine ibaki, kwa hivyo si lazima zote zipotee, lakini pedali itazama ghafla karibu iguse sakafu, dereva atashtuka, na atabaki na nusu ya breki akiwa na watu 14 na mizigo yao. Na hilo la kuongeza oili ndilo limenitia hofu zaidi. Oili ya breki haiishi kama petroli. Ikishuka kwenye kopo ni kwa sababu mbili, ama pedi zimelika ama inavuja mahali, sa anayeongeza tu bila kutafuta inakotoka anaifunika ile dalili moja iliyokuwa inamuonya. Halafu oili hiyo inavuta maji kutoka hewani, na hewa yetu hapa Malindi unaijua, ikishakuwa na maji na breki zikapata moto inachemka na pedali inakuwa laini kama sifongo. Ndiyo maana watengenezaji wengi husema ibadilishwe yote kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama rangi yake bado unaiona nzuri.

Tairodi ndiyo inayoshika gurudumu la mbele na usukani. Kichwa chake kikichomoka, gurudumu linageukia linakotaka na usukani mkononi mwa dereva hauna kazi tena. Kucheza kwake unaweza kuona mwenyewe huhitaji kuwa fundi. Mwambie fundi apige jeki gurudumu la mbele lielee, aweke na kigogo chini kwa usalama, halafu alishike kwa mikono miwili kulia na kushoto alitikise kama anayelisukuma na kulivuta. Likigonga, ukasikia tak tak, ujue kuna kitu kimelegea upande wa usukani. Akilishika juu na chini likacheza basi angalia beringi na boljointi. Simama hapo na simu yako urekodi video, utaihitaji, nitakwambia kwa nini.

Tairi, tazama ndani ya mifereji yake, kuna vijivimbe vidogo vya mpira vimewekwa makusudi chini kabisa. Tairi ikilika mpaka ikawa sawa na vile vijivimbe imebaki milimita 1.6 na hapo imekwisha. Ubavuni kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka iliotengenezwa, kwa hivyo 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019. Angalia hizo ukienda kununua, manake tairi inaweza kuwa na meno mazuri na mpira wenyewe umezeeka umekauka. Kipara kwenye jua utasema inaenda tu, lakini ikinyesha masika barabara ya Kilifi ikijaa maji tairi isiyo na mifereji haiwezi kuyafukuza, inaelea juu yake.

Na sisi wa pwani tuna jambo letu jingine ambalo hakuna stika inayolihesabu, chumvi. Mabomba ya chuma ya breki chini ya gari, maungio, bolti, vyote vinaliwa na hewa ya bahari taratibu na mara nyingi kutu inaanza mahali ambapo huoni mpaka ulale chini na tochi. Sheria inasema matatu ikaguliwe mara moja kwa mwaka iwe inalala Malindi ama inalala Nakuru. Mwenye gari wa hapa inabidi aangalie mara nyingi zaidi ya hapo kwa hiari yake, hilo hakuna wa kumlazimisha.

Sasa swali lako la kwanza, ati serikali imesema iko sawa. Ngoja nikuoneshe sheria inasemaje, shemejiyo ameishika nusu. Ni kweli matatu lazima iwe na cheti cha inspeksheni cha NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani iliyoanzishwa kwa sheria ya 2012, na kila mwaka lazima kirudiwe. Hiyo ni nusu moja. Nusu ya pili iko kwenye Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 55, na hiyo inataka gari na sehemu zake zote ziwe katika hali isiyohatarisha waliomo wala walio barabarani, wakati wote. Wakati wote, mwanangu, si siku ya kukaguliwa. Kifungu cha 58 kinatoa adhabu ya kuitumia gari mbovu barabarani, faini inaweza kufika shilingi 400,000 ama kifungo mpaka miaka miwili ama vyote, na hakisemi aliye na stika amesamehewa. Cheti kinasema tu kwamba siku fulani mkaguzi aliiangalia gari akaiona iko hivi na hivi. Na gari yako hata hilo halisemi, kwa sababu tairi alizoziona mkaguzi si zako.

Nani anabeba kukitokea jambo? Dereva atabeba la kwake, akiua mtu kwa kuendesha kwa hatari kifungo kinaweza kufika miaka kumi. Lakini kesi ya fidia itakuja kwa aliye kwenye logbuku, na kortini kuanzia mwanzo huchukuliwa kwamba dereva anaendesha kwa niaba ya mwenye gari mpaka mwenye gari athibitishe vingine. Hiyo ni wewe. Mume wako hayumo kwenye hizo karatasi hata kama nusu ya pesa ni yake. Baada ya ajali mkaguzi wa magari huitwa kuiangalia na huandika kama kulikuwa na ubovu kabla ya ajali, na ataiona ile paipu, na fundi aliyekupigia simu ni shahidi kwamba uliambiwa. Kabla ya ile simu ungeweza kusema sikujua. Sasa unajua, na mimi nakwambia hivi si kukutisha ila ndiyo hali ilivyo.

Bima nayo wengi wanaitegemea kama ukuta. Ile ya lazima, ya kulinda watu wengine, sheria imeiwekea kiwango, madai ya mtu mmoja ni shilingi milioni 3 mwisho, kinachozidi hapo kinamtafuta mwenye gari. Na soma karatasi zako za bima, karibu zote zina sharti la gari kutunzwa ifae barabara. Wakigundua sharti limevunjwa wana njia ya kukukatalia fidia ya gari yako mwenyewe, na wanachowalipa waliojeruhiwa wanaweza kukugeukia wewe wakikudai.

Haya, shemejiyo amesema trafiki hawajawahi kumwambia kitu. Hapo simpingi, na hilo linaniuma sana. Barabara ile ina vizuizi vingi lakini ni wangapi wanaoinama wakatazama tairi? Wanatazama kioo, stika ipo, tarehe haijapita, nenda. Mkaguzi naye anakutana na gari siku ambayo mwenyewe ameichagua na kuilipia, ameiandaa, ameikodia hata tairi. Nilitaka serikali ikague kwa kushtukiza pale pale steji, tochi mkononi, na fundi anayejua, badala ya kuhesabu stika. Wanaokumbuka Februari 2004 sheria za waziri wa uchukuzi Michuki zilipoanza kushikwa wanajua serikali ikitaka inaweza. Mikanda kila kiti, spidi gavana ya kilomita 80, mstari wa manjano, matatu ziligoma nchi nzima lakini mwisho zilifuata. Na leo ingia matatu yoyote uivute ile mikanda, mmoja umekatika, mwingine kifungio kimeliwa na kutu, mwingine umefungwa fundo chini ya kiti. Sheria iliuweka mkanda pale. Kuubadilisha ukikatika ilikuwa kazi ya mwenye gari na wenye gari wengi hawakuifanya, na abiria nao tumenyamaza tunakaa tu. Kwa hivyo ndiyo, serikali ina deni, na mimi nitaendelea kuandika juu ya hilo deni. Lakini wewe ukisubiri ilipe ndipo ununue paipu, mama wa kliniki na mjukuu wake watakuwa ndani ya gari siku hizo zote.

Sasa nije mahali ambapo naona ndipo penye kiini cha barua yako, na labda hukukusudia kunieleza lakini umenieleza. Umesema hesabu ni 3,500 gari iende isiende, na gereji ndogo ndogo anajisimamia yeye. Mwanangu hebu jiweke pale kwenye kiti chake. Paipu ya breki ni gereji ndogo. Akiibadilisha pesa inatoka mfukoni mwake, zamu inampita, siku inaharibika, na jioni 3,500 zako zinamngoja vilevile. Akiongeza oili akaondoka, anakupa hesabu, anampa makanga, anabaki na chake. Kila asubuhi mmemuwekea chaguo hilo na kila asubuhi anachagua kama ambavyo wengi wangechagua. Sisemi hana kosa, kukodi tairi ni udanganyifu na anajua. Nasema mpango wenyewe unamlipa kuficha na unamtoza akisema ukweli, na mpango huo ni wenu nyinyi wenye gari. Ukimfukuza ukamuweka kakako kwa mpango uleule, baada ya miezi kadhaa fundi mwingine atakupigia simu.

Kwa hivyo badilisha mpango. Gereji yote iwe juu yako, ndogo na kubwa, hata balbu, hata oili. Siku moja kwa wiki, ile ya saba ambayo haendi, gari iende kwa fundi na yeye akiwepo alipwe kitu hiyo siku, si lazima kikubwa. Ikiharibika katikati ya wiki hesabu ya siku hiyo haidaiwi. Utasema hesabu itapungua, ndiyo itapungua. Kata kiasi kila siku kutoka kwenye zile unazopokea uziweke mahali pengine kabisa, laini nyingine ya simu ama kibubu, ziitwe za gari na duka lisiziguse wala ada ya shule isiziguse. Mkopo uliupigia hesabu kana kwamba gari haichakai, na gari inachakaa kila kilomita, Malindi mpaka Mombasa ni kama kilomita 120 kwenda tu.

Na yule fundi aliyekupigia, usimpoteze. Alihatarisha mteja wake akakwambia. Mpe kazi hiyo yeye, na akikagua akuandikie kwenye daftari tarehe, alichokiona, alichobadilisha, spea kuukuu arudishe uione kwa macho. Lakini mara moja moja peleka gari kwa fundi mwingine asiyejuana na dereva wala na huyo wa kwanza, aangalie tu, umlipe kwa kuangalia.

Nyumbani sasa. Shemejiyo usiongee naye mbele ya mamake wala mbele ya makanga. Mwite peke yake, mkaribishe chai, na usianze na tairi za kukodi. Anza na la upande wenu, mwambie nimeona nilikuwa nakudai hesabu hata siku gari iko gereji na gharama nimekuachia wewe, hilo kuanzia leo limekwisha. Halafu mpe mpango mpya. Halafu ndipo umwambie lakini tairi za kukodi sitaki tena, na gari ikiwa na ubovu wa breki ama usukani ukaniambia, siku hiyo hupotezi kitu, lakini ukinificha, funguo narudishiwa. Akiwa ni kijana mzuri kama ulivyoniandikia atashusha pumzi, manake yeye ndiye anayekaa mbele ya kioo, yeye ndiye wa kwanza kufikiwa na lori. Akikataa hata hapo, basi gari ni yako mwanangu, mshukuru kwa aliyofanya na utafute dereva, na undugu wa kuzikana na kualikana harusini utabaki.

Mama mkwe mtumie mtu mzima anayemsikiliza, shangazi yake mume wako ama jirani wa zamani, asiende kusema makosa ya kijana, aende kusema gari ilikuwa na hatari na aliyekuwa kwenye hatari ni mwanawe. Na wewe usimjibu lile la kakako, liache lianguke.

Mume wako ndiye wa ile video. Yeye yuko mbali anasikia maneno tu, maneno ya mkewe upande huu na maneno ya mamake na mdogo wake upande ule, lazima achague na amechagua lile linalolipa mkopo. Muoneshe gurudumu linavyocheza, muoneshe paipu kwa karibu ilivyopasuka na oili inavyometa, muoneshe kipara. Mwandikie kwa ufupi: "Mume wangu, gari nimeisimamisha mpaka hivi vitengenezwe. Anayekaa nyuma ya usukani huu ni mdogo wako. Logbuku ni jina langu na likitokea jambo nitakayeitwa ni mimi na wanao watakuwa hapa peke yao. Nisaidie na pesa za tairi." Usimwandikie zaidi ya hapo, acha atazame.

Mkopo usiungoje tarehe ifike ndipo useme huna. Nenda kabla, mwone ofisa wa mikopo, beba karatasi ya fundi yenye orodha ya matengenezo na uombe wakusogezee malipo ya mwezi mmoja ama wayapunguze. Gari ikianguka mkopo wao pia umeanguka, hilo wanalielewa haraka. Pesa utakayoipata kwa nafuu hiyo ianze na paipu zote za mpira za breki si hiyo moja tu, za rika moja huchoka pamoja, na oili ya breki mpya yote, na tairodi endi pande zote mbili na gari ipelekwe alaimenti, magurudumu yanyooshwe, siku hiyohiyo, na tairi mbili za nyuma zilizo mpya kweli, zako mwenyewe. Mikanda ya viti ifuate wiki inayokuja. Rangi na muziki shemejiyo akiviomba mwambie mwakani.